Mvua ya Kwanza ya Masika na Mbegu ya Akiba



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu wa pwani, na wa Usambara, na wa nchi zote zilizo karibu nasi, alijua tangu utoto wake: mvua za kwanza zijazo baada ya joto la kaskazi, na ubaridi unaofuatana nazo. Labda mtu atauliza, kuna haja gani ya kuhutubia watu juu ya mvua, nayo hunyesha bila kuomba ruhusa ya mwalimu? Haja ipo. Mvua hiyo ya kwanza humwuliza mwenye shamba swali moja zito, na ajibupo vibaya watoto wake huona jawabu katika chungu miezi mitano baadaye. Swali lenyewe ni hili: nipande leo, au ningoje?

Kabla ya kufika huko yafaa tuondoe utata wa maneno, maana utata huo nauona kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi. Katika vitabu vyetu, majira ya Ulaya ya Septemba hadi Novemba, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na kuanguka, yameitwa vuli. Basi mtoto asomaye habari za London hudhani ya kuwa watu wa huko hupanda mahindi yao ya vuli kama mjomba wake wa Muheza. Vuli yetu sisi ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, nazo hutujia joto likiwa linapanda. Tukitaka majira yetu yaliyo ndugu ya yale ya Ulaya, yaani wakati jua linapoipa nchi kisogo na hewa kuanza kupoa, yatupasa kutazama Machi na Aprili, kwa kuwa sisi tukaao kusini ya Ikweta mambo yetu yamepinduka. Masika ndiyo yatuondoleayo joto. Vivyo hivyo msomaji wa Biblia akutaye habari za mvua ya kwanza na mvua ya mwisho na akumbuke kwamba mkulima wa Palestina alikuwa na kiangazi kirefu, yapata miezi mitano bila mvua, na mvua yake ya kwanza ilikuja Oktoba au Novemba, ikalainisha udongo hata plau ikaweza kuingia. Majina ya miezi ni mbali na yetu, lakini ile hali ya kutazama mawingu huku mbegu ikiwa mkononi, hiyo aliijua kama tuijuavyo sisi.

Sasa, mvua hii yatoka wapi? Katika juma la kwanza la Machi jua hupita juu kabisa ya Dar es Salaam. Mtu akisimamisha kijiti wima katika uwanja wa nyumba yake, ataona kivuli kinapungua hata karibu kwisha, nacho huwa kifupi kuliko vyote yapata saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili, kwa sababu saa zetu hufuata mstari ulio mashariki kuliko mji wenyewe. Siku chache baadaye jua hufika juu ya Tanga, na yapata tarehe 20 au 21 Machi huvuka Ikweta kwenda kaskazini. Katika siku hizo bahari imekwisha kupashwa moto miezi mitatu, maji yake hufika nyuzi 29 za sentigredi, na mvuke mwingi wapanda. Upepo wa kaskazi, uliokuwa ukivuma tangu Desemba, hulegea. Huja siku za maleleji, ambazo mabaharia huziita pia tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna shauri moja. Kisha kusi hushika. Mahali pepo za kaskazi na za kusini zinapokutana, hewa haina njia ila kupanda juu. Ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi kuchukua tena mvuke wake wote. Ukanda huo wa mawingu hulifuata jua ukienda kaskazini, lakini hulifuata kwa kuchelewa, kama mtumishi aliyebeba mizigo ya bwana wake.

Ubaridi nao una sababu zaidi ya moja. Mawingu huzuia jua. Hilo ni wazi kwa kila mtu. Lakini mmepata kujiuliza juu ya upepo ule wa baridi upigao milango na kupeperusha nguo kambani dakika chache kabla ya tone la kwanza? Upepo huo watoka ndani ya mvua yenyewe. Juu angani hewa ni baridi, hupungua joto yapata nyuzi 6 kwa kila kilometa moja ya kwenda juu. Matone yaangukapo, mengine hukauka njiani na kuiondolea hewa joto lake, kama jasho likaukalo juu ya ngozi. Hewa hiyo ikiwa nzito hushuka kwa nguvu, ikipiga ardhi hutawanyika pande zote, nayo hutangulia mvua kama tarishi. Mwishoni mwa Februari mtu wa Dar es Salaam hulala akigeuza mto atafute upande wa baridi. Kufika Julai, wakati wa kipupwe, asubuhi yake yaweza kuwa nyuzi 18 au 19, na wazee hutafuta shuka la pili. Safari ya kutoka joto lile hadi ubaridi huu huanza na mvua tunazozitaja.

Pana na ile harufu ya udongo. Wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza na kuipa jina la kitaalamu mwaka 1964. Sehemu yake ni mafuta ya mimea yaliyonyonywa na mawe na udongo wakati wa kiangazi, na sehemu ni kitu kitokacho kwa vijidudu wadogo mno wakaao ardhini. Sisi hatukungoja mwaka 1964 kuipenda. Lakini harufu hiyo, pamoja na kumbikumbi watokao katika vichuguu na watoto wanaowakimbilia kwa vikapu, ndiyo imponzayo mkulima. Husikia harufu, huona kumbikumbi, moyo wake hufurahi, huchukua jembe.

Hapo ndipo penye shauri letu. Mvua ya kwanza yaweza kuwa masika, nayo yaweza kuwa mpita njia tu. Ataangusha manyunyu ya siku mbili, kisha jua litarudi na kukaa siku kumi au kumi na tano, kali kama kwamba hakukuwa na lolote. Punje ya mahindi haina akili ya kuchagua. Ikiisha kunywa maji kadiri ya theluthi ya uzito wake huanza kuota, na ikianza haiwezi kurudi nyuma. Mizizi yake ni mifupi kama sindano. Udongo wa juu ukikauka, nayo hukauka. Mwenye shamba hutazama mashimo yake, asione kitu, akafukua, akakuta ganda. Ekari moja hutaka mbegu yapata kilo 8 hadi 10. Kwa mtu mwenye duka hiyo si hesabu kubwa. Kwa mama ambaye mahindi yake ya mbegu yalitundikwa juu ya mafiga, yakapakwa moshi miezi yote wadudu wasiyatoboe, na watoto wakakatazwa kuyagusa hata siku za njaa, kilo 8 ni mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo wako wasemao, ngoja. Usipande hata mvua ishike barabara, iwe imenyesha majuma mawili. Shauri hili lina sura ya busara, nami nalisikia sana kwa watu waliosoma, hasa wale wasiolima. Walakini lina hasara yake, na hasara hiyo ilionyeshwa na uchunguzi uliofanywa karibu nasi, Muguga katika Kenya. Mtaalamu mmoja wa huko, H. F. Birch, katika miaka ya 1950 alichunguza yapatayo udongo unapokauka kabisa kisha ukalowana. Aliona ya kwamba udongo mkavu ukipata maji, vijidudu vyake huamka kwa nguvu, huozesha mabaki ya majani na mizizi kwa haraka, na chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni hutokea kwa wingi kwa siku chache. Baadaye nguvu hiyo hupungua, na mvua nyingi hukichukua chakula hicho na kukipeleka chini, mizizi isikokifikia. Basi mmea uliokwisha kuota wakati huo hula karamu, na ule uliochelewa hukuta sahani zimeoshwa. Wazee waliosema kwamba shamba la mtu wa kwanza halifanani na la jirani yake aliyechelewa juma mbili hawakuwa wakijisifu; walikuwa wameona jambo la kweli bila kujua jina lake.

Mwaona basi ugumu wake. Awahiye hupoteza mbegu. Achelewaye hupoteza nguvu ya ardhi, na tena mvua yaweza kumwisha mahindi yakiwa yanatoa ndevu, wakati yanapotaka maji kuliko siku zote. Mimi siwapi kanuni moja ya kukata shauri hili kwa watu wote, maana udongo wa Mkuranga si udongo wa Lushoto. Nitawaambia nionavyo.

Kwanza, tarehe peke yake isiaminiwe. Babu zetu walihesabu makumi ya siku tangu Siku ya Mwaka, nao walitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho mwezi wa Machi huonekana upande wa magharibi jua likiisha kutua, na karibu na mwisho wa Aprili hupotea katika mwanga wa jioni. Hesabu hizo ni nzuri, kwa maana nyota hazichelewi. Lakini nyota hutuambia tumefika wapi katika mwaka. Hazituambii upepo umefanya nini baharini. Mwaka 2019, mwezi wa Machi, kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga Beira katika Msumbiji, na tufani hizo za kusini huvuta kwao mvuke ambao ungetujia sisi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki masika ya mwaka huo yalichelewa sana, na Kilimia kilikuwa mahali pake pale pale.

Tena wataalamu waliopima mvua za masika wameona kwamba tangu miaka ya 1980, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, mvua hizo zilipungua katika Afrika Mashariki, si kwa kuwa kila mvua ilikuwa haba, bali kwa kuwa msimu ulianza baadaye na kwisha mapema. Baadaye ikaja miaka ya mvua nyingi, kama 2018 na 2020, na Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji. Basi mzee asemaye kwamba masika siku hizi hayana adabu hasemi kwa uzee wake tu.

Utabiri je? Usikilizeni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kila mwaka, kabla ya masika kuanza, yaliyotazamiwa katika kila sehemu. Lakini mjue kwamba masika ni magumu kutabiri kuliko vuli. Vuli hufuata sana hali ya bahari kuu. Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wetu na baridi upande wa Sumatra, vuli huja kwa nguvu, kama ilivyokuwa mwaka 1997, na hali hiyo huonekana miezi kadha mbele. Masika hayana bwana mmoja hivyo. Kwa hiyo tangazo la siku tano au kumi zijazo ni la thamani kubwa kwa mpanzi kuliko lile la msimu mzima, na mtu mwenye redio au simu asione haya kumwambia jirani yake asiye nayo.

Pili, ulizeni ardhi. Kanuni mojawapo watumiayo wataalamu wa hali ya hewa ni hii: masika huhesabiwa kuwa yameanza zikipatikana milimita 20 za mvua katika siku tatu, na baadaye, katika majuma matatu, pasiwe na siku saba mfululizo za ukavu. Sehemu ya pili ya kanuni ni rahisi kwa mtu wa ofisini, kwa kuwa yeye huhesabu yaliyokwisha kupita. Mkulima hawezi kuyajua yajayo. Lakini sehemu ya kwanza yaweza kupimwa kwa jembe. Asubuhi baada ya mvua, chimba shimo katikati ya shamba, si chini ya mti, ukatazame unyevu umefika wapi. Milimita 20 zikiingia katika mchanga mkavu huweza kufika karibu shubiri moja. Katika udongo wa mfinyanzi labda nusu ya hapo. Ukiona umande wa kidole kimoja na chini yake vumbi, rudi nyumbani ukanoe jembe. Na ukiona unyevu umeshuka hata huufikii mwisho wake kwa mkono, panda, wala usingoje mtu akuambie.

Tatu, na hili ndilo nilipendalo zaidi, mbegu isiondoke nyumbani yote siku moja. Ukipata mvua ya kwanza iliyo nusu nusu, weka katika ardhi kile kisichokufa upesi. Muhogo huvumilia ukavu ukiisha kushika. Mtama huweza kusimama ukisinzia, ukangoja, mahali mahindi yangekufa. Mahindi yapandwe sehemu, na sehemu ya mwisho, hata ikiwa pishi moja tu, ibaki juu ya mafiga mpaka uone miche ya kwanza ina majani manne au matano nayo yamesimama. Ikiwa yawezekana sehemu hiyo ya akiba iwe ya namna ikomaayo upesi, kama mahindi ya Katumani, yaliyochaguliwa huko Kenya kwa ajili ya nchi za mvua chache, ili aliyechelewa kupanda asichelewe kuvuna. Najua kwamba katika nyumba nyingi kuna ugomvi juu ya jambo hili. Baba husema, panda yote, Mungu atasaidia. Mama huificha pishi yake ndani ya kikapu cha nguo. Kwa maoni yangu mama ana haki, wala kuficha kwake si ukosefu wa imani.

Wenzetu wa Dodoma, na wa Lindi, Mtwara na Songea, watasema kwamba haya si yao, na kweli. Wao wana msimu mmoja, uanzao Novemba au Desemba na kwisha yapata Aprili. Tunapopanda sisi, wao wanafukuza ndege. Lakini swali la mvua ya kwanza na mbegu ya akiba ni lile lile, ila mwezi ni mwingine.

Neno moja juu ya homa. Wengi husema kwamba ubaridi wa mvua ndio uletao malaria. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu huko India, twajua kwamba sivyo. Mbu hutaga katika madimbwi madogo ya mvua, na yai huwa mbu arukaye kwa siku saba hadi kumi na nne. Basi kifuu kilichojaa maji, na dimbwi karibu na mlango, vishughulikiwe kila juma, na watoto walale ndani ya chandalua tangu mvua ya kwanza, bila kungoja mbu wajae.

Mwisho, ombi kwa walimu wenzangu wanaonisikia huko vijijini. Tafuteni kopo lenye pande zilizonyoka, lisilopanuka juu wala chini. Lisimamisheni mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti, likiwa limezuiwa kwa mawe lisianguke. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi apime kwa rula kina cha maji yaliyomo, aandike milimita katika daftari pamoja na tarehe, kisha ayamwage. Kama hakuna maji, aandike sufuri, asiache nafasi tupu, maana sufuri nayo ni habari. Pembeni yake aandike siku ambayo watu wa kijiji walianza kupanda, na siku walipopanda mara ya pili kama ya kwanza ilikufa. Madaftari ya miaka mitano yakikaa katika kabati la shule, mwenye shamba ataweza kuja na kuuliza, mwalimu, katika miaka hii mitano mvua ya kwanza ilitudanganya mara ngapi? Nawe utafungua, mtahesabu pamoja.

Usiku mwema.